Ndege Ilikuwa Yetu, Lakini Yetu Sisi Nani?

Mnamo tarehe 15 Januari 2024, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Tanzania ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 22 ya mwezi huo ndege za abiria za Kenya Airways hazingeruhusiwa tena kuruka baina ya Nairobi na miji ya Tanzania. Sababu iliyotolewa ni kuwa Kenya ilikuwa imekataa ombi la Air Tanzania la kuchukua mizigo jijini Nairobi na kuipeleka nchi ya tatu. Wakubwa wakapigiana simu, taarifa zikaandikwa kwa lugha laini ya udugu, na kabla ya siku mbili kwisha marufuku hiyo ikawa imeondolewa. Mchezo kama huo tulikuwa tumekwisha kuuona Agosti 2020, safari hiyo kisa kikiwa ni korona na orodha ya nchi ambazo wasafiri wake hawakutakiwa kukaa karantini wafikapo Kenya.

Waliosoma habari hizo wakidhani ni ugomvi mpya hawana budi kurudi nyuma kidogo. Nchi hizi mbili, pamoja na Uganda, zimewahi kuwa na shirika moja la ndege. Lilidumu miaka thelathini na mmoja, likaruka hadi London, Bombay, Karachi na Hong Kong, na kwa muda mfupi hata New York. Kisha likafa mwaka 1977, na kifo chake ndicho kinachotusumbua mpaka leo kila tunapogombania nani ashukishe mizigo wapi.

Mwanafunzi wa Historia na Serikali anayeulizwa sababu za kuvunjika kwa Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki hujua la kujibu: tofauti za itikadi, Idi Amin, Kenya kunufaika kuliko wenzake, kufungwa kwa mpaka. Hoja nne, alama nne. Mwalimu hutia vema akageuza ukurasa. Sina ugomvi na hoja hizo, kwani zote ni za kweli. Ila orodha haielezi jambo lilivyotokea. Hututajia magonjwa manne ya marehemu bila ya kutuambia ni lipi lililotangulia, lipi lililozaa jingine, na lipi ambalo lingeweza kutibika. Shirika la ndege linatufaa kwa uchunguzi huo kuliko Jumuiya nzima, maadamu ndege ni kitu kinachohesabika.

Tuanze mwanzo. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili palikuwapo kampuni ya binafsi jijini Nairobi, Wilson Airways, iliyoanzishwa mwaka 1929 na mama mmoja mjane, Florence Kerr Wilson, ambaye jina lake bado linaitwa kila siku katika kile kiwanja kidogo cha ndege kilicho karibu na mbuga ya wanyama. Vita vilipoanza, kampuni hiyo ikafungwa. Vilipokwisha, serikali za kikoloni za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja zilianzisha shirika la pamoja, East African Airways, lililoanza rasmi Januari 1946 kwa vijindege vya mabawa mawiliwili vya aina ya Dragon Rapide. Kenya ndiyo iliyotia sehemu kubwa zaidi ya mtaji. Unguja ilitia kidogo mno.

Ukuaji wake haukuwa haba. Zilikuja DC-3 za kwenda kwenye viwanja vya vumbi vya bara, zikaja Argonaut za kwenda London, na mwaka 1960, miaka miwili tu baada ya kiwanja kipya cha Embakasi kufunguliwa, shirika likaingia katika zama za jeti kwa kununua Comet 4. Ndipo mnamo mwaka 1966 zikaanza kuwasili Super VC10, ndege kubwa za Kiingereza zenye injini nne zilizopangwa mkiani. Shirika lilinunua tano. Ya mwisho, iliyopokewa mwaka 1970, ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kuundwa kiwandani.

Hapa naomba msomaji aniruhusu niingize taaluma yangu, kwani lugha ndiyo riziki yangu. Kila ndege duniani huandikwa herufi za nchi iliyosajiliwa. Za Kenya huanza na 5Y, za Tanzania 5H, za Uganda 5X. Zile Super VC10 tano hazikusajiliwa mahali pamoja. Mbili zilipewa herufi za Uganda, mbili za Tanzania, na moja ya Kenya. Ubavuni ziliandikwa jina moja na kuchorwa nembo moja ya simba, rubani aliyekaa mbele aliajiriwa na shirika moja, lakini kwa mujibu wa sheria kila ndege ilikuwa na uraia wake. Mtanzania aliyeitazama 5H-MMT ikitua Dar es Salaam aliweza kusema, "Ndege yetu hiyo." Mkenya aliyeiona ndege iyo hiyo Embakasi jioni yake alisema vivyo hivyo, "Ndege yetu hiyo." Wote wawili walisema kweli, na walikuwa hawasemi jambo moja.

Kuna lugha zinazoepuka utata huo. Kimalei, kwa mfano, kina neno moja la "sisi" linalomjumuisha anayeambiwa, na neno jingine la "sisi" linalomtoa nje. Kifulfulde cha Afrika Magharibi pia hupambanua hivyo. Mzungumzaji wa lugha hizo hawezi kusema "yetu" bila kuamua kwanza kama wewe umo au humo. Kiswahili hakitulazimishi kuamua. "Yetu" yetu ni pana, humkaribisha kila mtu, na ndiyo maana hupendeza sana katika hotuba. Katika daftari la hesabu upana huo ni hatari. Sisemi kwamba Jumuiya ilivunjwa na kiwakilishi. Nasema kwamba kwa miaka thelathini watu walilitumia neno hilo katika maana mbili, na hapakuwa na karatasi iliyowalazimisha kuzitenganisha.

Karatasi ilikuwapo ya namna yake. Mkataba wa Ushirikiano wa Afrika Mashariki ulitiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967 na Marais Kenyatta, Nyerere na Obote, ukaanza kutumika Desemba mwaka huo. Mashirika makuu yaligawanywa makao: reli na ndege Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, na makao makuu ya Jumuiya yenyewe yakawekwa Arusha. Mkataba ulitaka mashirika hayo yaendeshwe kibiashara. Papo hapo ulitaka faida za kuwapo kwake zigawanyike kwa haki baina ya washirika. Kwa shirika la ndege, matakwa hayo mawili yalivutana tangu siku ya kwanza. Tanzania ni nchi pana, yenye miji iliyo mbalimbali, na ilihitaji ndege ndogo zifike hata mahali ambapo abiria ni wachache. Njia kama hizo hazilipi. Nairobi ikalalamika kwamba safari za nje zinabeba mzigo wa safari za ndani za wengine. Dar es Salaam ikajibu kwamba karakana ziko Embakasi, mishahara inaliwa Nairobi, na watalii wote wanashuka Nairobi kisha wanaletwa Serengeti na Ngorongoro kwa magari ya Kenya, walale kidogo, warudi Nairobi kutumia fedha zao. Tanzania ilipofungua kiwanja cha kimataifa cha Kilimanjaro mwaka 1971, haikuwa imekijenga kwa ajili ya urembo.

Nikiwa Mkenya naweza kusema hili bila kuogopa: malalamiko ya Tanzania yalikuwa na uzito. Tulizoea kuiita "ufanisi" hali ya kila kitu kuwa Nairobi, tukasahau kwamba mkoloni ndiye aliyekiweka hapo kwa manufaa ya walowezi wake. Lakini malalamiko ya Kenya nayo hayakuwa ya kubuni. Na hapa tunafika kwenye jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka, nalo ni fedha zenyewe, yaani sarafu.

Hadi mwaka 1966 nchi zetu zilitumia shilingi moja. Mwaka huo kila nchi ilianza kutoa shilingi yake. Mwanzoni hapakuwa na shida kubwa, kwani shilingi hizo zilibadilishana sawa kwa sawa. Ilipofika mwanzo wa miaka ya 1970, serikali zikaanza kudhibiti fedha za kigeni, hata zile za jirani. Tikiti iliyokatwa Kampala ililipiwa kwa shilingi za Uganda. Iliyokatwa Mwanza, kwa shilingi za Tanzania. Lakini mafuta, vipuri, na mkopo wa zile VC10 vililipiwa kutoka makao makuu, Nairobi, kwa fedha zinazokubalika ng'ambo. Kuzitoa fedha Kampala au Dar es Salaam na kuzifikisha Nairobi kukawa jambo la kuombewa kibali. Kisha mwaka 1973 bei ya mafuta ikapanda kwa kishindo duniani kote. Shirika likajikuta lina kitabu kimoja cha hesabu na shilingi tatu zisizoaminiana.

Mgogoro wa namna hiyo ulihitaji watu wa kuuamua, na Mkataba ulikuwa umewataja: marais watatu, wakiitwa Mamlaka ya Afrika Mashariki. Januari 1971 Idi Amin akampindua Obote. Mwalimu Nyerere alikataa katakata kuketi naye meza moja, na tangu hapo Mamlaka hiyo haikukutana tena hata mara moja. Hivyo Amin anastahili kuwamo katika orodha ya mwanafunzi wetu, ila si kwa sababu ya vituko vyake. Anastahili kwa sababu kuja kwake kulifunga mlango wa chumba pekee ambamo hesabu zingeweza kusahihishwa. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Aprili 1972, msiba mwingine ukalikumba shirika. VC10 iliyokuwa ikielekea Ulaya ilishindwa kuruka katika kiwanja cha Addis Ababa, ikatumbukia mbele ya njia na kuwaka moto, na watu 43 kati ya 107 waliokuwamo wakapoteza maisha.

Mwisho wenyewe ulikuwa wa haraka na wa aibu. Kufikia Januari 1977 shirika halikuwa na fedha za kulipia hata shughuli zake za kila siku. Tarehe 22 mwezi huo, kabla marehemu hajakata roho, Kenya iliandikisha kampuni yake, Kenya Airways. Mwisho wa mwezi ndege za East African zikaacha kuruka. Tarehe 4 Februari Kenya Airways ikaanza safari zake kwa Boeing 707 za kukodi, na siku iyo hiyo Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Magari ya watalii na ndege ndogo kutoka Kenya zilizokutwa upande wa pili zikazuiliwa. Mpaka huo haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Air Tanzania ikaundwa Machi 1977. Uganda ilikuwa imekwisha kuunda lake mwaka 1976, jambo linaloonyesha kwamba kila mshirika alikuwa ameanza kuchimba kaburi kwa upande wake.

Na zile VC10? Nne zilizosalia zilichukuliwa na waliozitengeneza, zikarudishwa Uingereza, zikauziwa jeshi la anga la nchi hiyo, nalo likazigeuza kuwa ndege za kujaza wenzake mafuta angani. Zilifanya kazi hiyo kwa miongo mitatu. Septemba 2013, VC10 ya mwisho kuruka duniani ilipotua kwa mara yake ya mwisho, ilikuwa ni ile ile iliyowahi kuitwa 5H-MMT. Nalitaja hili kwa sababu wako wanaodai kwamba shirika liliangushwa na ndege mbovu na kuukuu. Ndege zilikuwa na maisha marefu kuliko Jumuiya iliyozinunua.

Wahenga walisema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, na wachambuzi wengi huona methali hiyo inatosha kueleza kisa chote. Mimi sikubaliani. Mwaka ule ule wa 1946 ambao East African Airways ilianza, falme tatu za kaskazini mwa Ulaya, yaani Sweden, Denmark na Norway, ziliungana kuanzisha shirika lao, SAS. Manahodha walikuwa watatu, sawa na wetu. Sarafu zilikuwa tatu. Lakini tangu mwanzo iliandikwa kwamba katika kila mafungu saba Sweden ina matatu, Denmark mawili na Norway mawili. Hisa, faida na hasara vikafuata uwiano huo. Muungano huo ulivuka miaka sabini kabla ya umiliki wake kuanza kubadilika kwa kiasi kikubwa. Sidhani kuwa watu wa huko ni wema kuliko sisi, wala kwamba wanapendana zaidi. Walijua tu nani ana ngapi.

Afrika Magharibi nayo inatupa mfano wa upande mwingine. Air Afrique iliundwa mwaka 1961 na mataifa kumi na moja yaliyokuwa makoloni ya Ufaransa. Manahodha kumi na mmoja! Ilikuwa na matatizo mengi, upendeleo katika ajira ukiwa mojawapo, na Cameroon ilijitoa mapema, mwaka 1971. Hata hivyo ilidumu miaka arobaini, na sababu mojawapo naamini ni kuwa wengi wa wanachama walitumia faranga ya CFA, hivyo fedha za tikiti hazikukwama mpakani. Faranga hiyo ilipopunguzwa thamani kwa nusu Januari 1994, madeni ya nje ya shirika yakawa maradufu kwa usiku mmoja, na mwaka 2002 likafilisika. Methali inayotufaa, basi, si ile ya manahodha. Ni ile isemayo kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Daftari lenyewe lilikuja kuandikwa baada ya mwenye mali kufa. Mpatanishi kutoka Uswisi, Dakta Victor Umbricht, alizunguka baina ya miji mitatu kwa miaka, akikadiria thamani ya mabehewa, gati, majengo, simu na ndege. Mwezi Mei 1984 makubaliano yakatiwa saini Arusha: Kenya ipate asilimia 42 ya mali ya Jumuiya, Tanzania 32, Uganda 26. Yaani ilichukua miaka saba ya uhasama na mgeni mmoja mvumilivu kupata tarakimu tatu ambazo zingeweza kujadiliwa mezani wakati ndege zingali zinaruka.

Mimi nilizaliwa baada ya mazishi hayo, na niliyoyajua kwanza niliyapata kwa mjomba wangu, aliyekuwa fundi katika karakana za Embakasi. Hakupenda kuzungumzia siasa. Alizungumzia mwenzake wa benchi moja, Msukuma kutoka Mwanza, aliyeondoka siku moja akiacha vifaa vyake kabatini kwa kuamini kuwa mambo yangetulia. Mjomba aliajiriwa na shirika jipya, akastaafu na pensheni yake. Yule mwenzake alimwandikia barua miaka mingi baadaye akisema kuwa bado anadai mafao yake. Hakuwa peke yake. Hata katika miaka ya 2000, wazee waliokuwa wafanyakazi wa Jumuiya walikuwa wakiandamana katika barabara za Dar es Salaam kudai haki yao, wengine wakitembea kwa mikongojo. Katika orodha ya hoja nne za mtihani, sijawahi kuwaona wazee hao.

Na watoto watatu wa marehemu wameishije? Kenya Airways iliuzwa kwa sehemu mwaka 1996, Waholanzi wa KLM wakachukua asilimia 26, na kwa muda ikawa fahari ya bara. Katika mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2016 ilipata hasara ya shilingi bilioni 26.2. Mwaka 2024 ilitangaza faida ya bilioni 5.4, ya kwanza baada ya zaidi ya mwongo mzima, na nusu ya kwanza ya 2025 hasara ikarejea. Air Tanzania iliunganishwa na shirika la Afrika Kusini mwaka 2002, ikatengana nalo mwaka 2006, ikadhoofika hadi serikali ilipoinunulia ndege mpya kuanzia mwaka 2016. Uganda Airlines ilifungwa mwaka 2001, ikafufuliwa Agosti 2019. Wakaguzi wa hesabu za serikali huko Dar es Salaam na Kampala wamekuwa wakitaja hasara za mashirika hayo mwaka baada ya mwaka. Anayelipa ni mlipa kodi, na katika walipa kodi hao wamo walimu ambao pengine hawajawahi kupanda ndege hata mara moja.

Kwa hiyo haishangazi kwamba fikira ya kuungana huzuka kila mara. Mwaka 2021 Kenya Airways ilitiliana saini na South African Airways kwa nia ya kuunda kundi la Afrika nzima kufikia mwaka 2023. Mwaka huo ulipita bila kundi hilo kuruka. Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki, iliyofufuliwa kwa Mkataba wa 1999, sasa ina nchi nane, Kongo na Somalia zikiwamo, na haina hata anga moja ambamo ndege ya mwanachama inaweza kuchukua mzigo popote bila kuomba. Kisa cha Januari 2024 kilithibitisha hilo. Mpaka hapo, kuzungumzia shirika moja ni kujadili rangi ya mlango kabla ya msingi kuchimbwa.

Siku mawaziri watakapoketi kwa jambo hili, ningependa wananchi wa nchi zote waulize maswali matatu tu, wayaulize kabla ya jina na nembo kuchaguliwa. Kila mshirika ana mafungu mangapi, na hasara inapotokea analipa mangapi? Fedha za tikiti iliyokatwa Kinshasa au Bujumbura zitafikaje makao makuu, kwa siku ngapi, na kwa sarafu gani? Na mmoja akitaka kujitoa, ataondoka na nini, na wafanyakazi wake watalipwa na nani? Majibu yachapishwe magazetini, kwa Kiswahili kinachoeleweka hata na fundi wa karakana, ili atakayesema "yetu" aweze kuonyeshwa ukurasa.

Kwa walimu wa Historia wanaosoma safu hii nina ombi dogo zaidi. Swali la kuvunjika kwa Jumuiya litakapofika darasani muhula ujao, msianze na Amin. Waandikieni wanafunzi ubaoni zile tarakimu tatu, 42, 32 na 26, kisha mwaulize zilipatikana mwaka gani.